Konekta gani kwenye shina la bawa? Ndege ya kujijengea, volti 12

Bati_na_Ribiti

Wakuu salaam. Najenga ndege ya viti viwili, bati la alumini, mabawa ya chini. Kazi ya bati imekwisha, nimeingia kwenye umeme na hapo ndipo nilipokwama.

Mabawa yanatoka. Si kila wikiendi, ila siku ya kuihamisha ndege kutoka karakana kwenda uwanjani lazima yatoke, na huko mbele yatatoka tena kwa ukaguzi au matengenezo. Maana yake kila waya unaoingia kwenye bawa unahitaji mahali pa kuachana. Bawa la kushoto lina taa nyekundu ya nchani pamoja na strobu (taa ya kumweka), taa ya kutua, bomba la pito (la kupimia mwendo hewani) lenye hita, na magnetometa (dira ya kielektroniki) ya kulisha skrini ya rubani. La kulia lina taa ya kijani na strobu yake, taa ya kutua, mota ya otopailoti na kipimo cha mafuta. Taa zote ni LED.

Kazi yangu ya kila siku ni umeme wa magari. Konekta za gari zenye raba ya kuzuia maji nazijua vizuri, na nilidhani nitaziweka ndege nzima nimalize. Nikaanza kuulizia, nikakuta kila mwamba ngoma anavutia kwake. Mmoja anasema D-sub, zile zilizokuwa nyuma ya kompyuta za zamani. Kweli? Mwingine anasema za kijeshi za duara. Taa zangu zimekuja na plastiki nyeupe ndani ya boksi. Rafiki yangu anasema zote takataka, lehemu kila kitu. Naomba mwongozo wa mtu aliyewahi kufanya.

Kabureta

Mkuu, huyo rafiki yako ana akili. Lehemu. Hakuna pini ya kulegea, hakuna kifuniko cha kufunguka. Visha mrija wa kusinyaa, umemaliza. Kila konekta unayoongeza ni mahali papya pa kuharibikia. Siku ya kutoa bawa unakata waya, siku ya kurudisha unalehemu tena. Acha tu waya wa ziada ndani.

Fundi_Nyaya

Kaka Kabureta, hapo kwenye mahali pa kuharibikia niko nawe. Konekta isiyohitajika isiwekwe. Lakini risasi ya kulehemu ina tatizo lake kwenye ndege, nalo haliko kwenye kiungo chenyewe, liko pale risasi inapoishia. Ikiyeyuka hunyonywa na nyuzi za waya, ikapanda mpaka ndani ya ngozi. Pale inapokoma pana mpaka: upande mmoja waya mgumu kama msumari, upande wa pili laini. Mtikisiko wa injini unapinda palepale kila mara, nyuzi zinakatika mmoja mmoja. Kiungo ukikitazama ni kizuri, kinang'aa. Waya umekatika pembeni yake na ngozi imeufunika usione. Anayelehemu na kuushika waya pande zote mbili usicheze, huyo sina ugomvi naye. Ila kulehemu ukiwa umelala chali chini ya bawa, mkono mmoja ndani ya tundu la ukaguzi, risasi ikikudondokea usoni, hiyo mimi siiti kazi.

Sasa mdogo wangu Bati. Umeuliza konekta gani, nami nakuuliza una koleo gani la kubania. Kwangu uchaguzi unaanzia hapo. Konekta ya fahari iliyobanwa na koleo la kubahatisha ni mbaya kuliko konekta ya kawaida iliyobanwa sawasawa. Chagua familia mbili za konekta kwa ndege nzima, tatu zikizidi sana, tafuta koleo sahihi la kila moja, kisha ukatae chochote kingine kinachokuja ndani ya boksi la taa. Hizo plastiki nyeupe si mbaya. Tatizo ni kwamba kila mtengenezaji ana yake, kila moja inadai koleo lake, na mwisho utajikuta unabana kwa plaizi usiku.

Familia ya kwanza ninayokushauri ndiyo hiyo uliyoiulizia "kweli?". D-sub. Usiihukumu kwa sura, na usiichanganye na ile ya kompyuta. Ziko pini za bati lililokunjwa na ziko pini za kuchongwa. Ya kuchongwa ni mrija mzima wa aloi ya shaba uliopakwa dhahabu. Waya unaingia ndani na koleo linabonyeza kutoka pande nne kwa mpigo. Dume ni M39029/64-369, jike ni M39029/63-368. Koleo lake ni M22520/2-01, watengenezaji wake DMC wanaliita AFM8, na kichwa cha kushikia pini ni M22520/2-08. Inapokea waya wa geji 20 hadi 24 (namba ikipanda waya unakuwa mwembamba). Ubavuni mwa pini kuna kitundu: baada ya kubana lazima uone nyuzi za shaba mle. Huzioni, kata uanze upya. Ngozi ya waya iishie karibu na mdomo wa pini, pengo lisifike hata milimita moja na nusu. Kabla ya kuanza kazi yenyewe bana sampuli kadhaa uzivute kwa mizani ya kuning'iniza; geji 22 mimi siikubali kama haivumilii kilo 7. Sampuli hizo zisiende ndegeni.

Sababu ya kuanza na hii ni kwamba redio, transponda, skrini na otopailoti nyingi zinakuja na D-sub mgongoni. Koleo hilo utalihitaji kwenye dashibodi utake usitake. Basi lifanye kazi na kwenye bawa.

Za kijeshi za duara, kama 38999, ni nzuri na sina ubishi, nimezihudumia miaka mingi kwenye ndege kubwa. Lakini ukubwa wa ganda, mpangilio wa pini, mkao wa ufunguo, kifuniko cha nyuma kinachoagizwa peke yake, kichwa kingine cha koleo... utamaliza jioni zako kwenye katalogi kwa ajili ya waya saba.

Mambo ya shina la bawa, pale linapoungana na mwili, ambayo hayamo kwenye katalogi:

Upande wenye umeme, yaani wa mwilini, weka jike. Bawa likiwa limetolewa na mtu akawasha swichi kuu kwa bahati mbaya, pini dume zilizo uchi zisiwe ndizo zenye volti 12 zinaning'inia karibu na bati.

Funga zile skrubu mbili za pembeni. Nimekuta ndege ngapi D-sub imeshikwa kwa msuguano wake tu! Na kifuniko cha nyuma kiwe na kibano kinachoshika shada la waya, ili anayevuta avute kibano, asivute pini.

D-sub haizuii maji. Kwa hiyo iweke ndani ya mwili wa ndege, si kwenye uwazi wa shina penyewe ambapo mvua inapita, na waya ushuke chini kwanza ndipo upande kuifikia, maji yadondokee kwenye pindo.

Bati_na_Ribiti

Asante sana mzee, nimekuelewa, hasa la koleo. Maswali mawili. Hita ya pito inavuta karibu ampea 10, na nasikia zaidi ikiwa baridi. Pini ya geji 20 itabeba? Nimeona watu wanagawa kwenye pini mbili tatu. La pili, zile za gari zenye raba, DT, hazifai kabisa? Ninazo droo nzima na koleo lake la pini za kuchongwa ninalo.

Dada_Silinda

Shikamoo mzee Nyaya. Naomba nijibu hilo la DT kwa sababu nimezitumia mbele ya ukuta wa moto, ule unaotenga injini na kabini, na bado niko nazo.

Kaka Bati, zinafaa. Pini ya DT ya kawaida ina kiwango cha ampea 13, DTM ndogo 7.5, DTP kubwa 25. Mtikisiko zinavumilia, na mafuta ya injini pia. Ila kuna mtego ambao fundi wa magari haoni kwa sababu kwenye gari haupo: unene wa ngozi ya waya. Waya wa ndege, ule wa M22759/16 wenye ngozi ya ETFE, ni mwembamba sana ukilinganisha na waya wa gari wa geji ileile. Geji 20 yake ina unene wa kama milimita 1.5. Raba ya nyuma ya DT ya kawaida imetengenezwa kwa waya wa milimita 2.2 mpaka 3.7. Utasukuma pini, itakaa, utasikia "klik", utafurahi, na maji yatapita pembeni ya waya bila hodi. Halafu raba ya mbele nzima inayazuia yasitoke! Konekta iliyofungwa nusu inakaa na maji kuliko iliyo wazi. Tafuta toleo la DT lenye matundu madogo ya raba, au tumia DTM ambayo raba yake inaanzia kama milimita 1.35. Matundu usiyotumia yazibwe kwa vizibo vyake.

Na tafadhali usije ukasema basi nitatumia waya wa gari ili raba ishike. Ngozi ya PVC ikiungua moshi wake ni sumu, na wewe uko kwenye chumba kidogo huna pa kuegesha.

Maadamu nimeshika kalamu, nyongeza za upande wa injini. Vipimo vya joto la silinda na la moshi ni thamokapo, yaani jozi ya waya za metali mbili tofauti, waya zake si shaba. Ukizikatisha kwa pini za kawaida umeunda viungo vipya vya metali tofauti, na upande mmoja wa konekta ukipata joto kuliko mwingine kipimo kinakudanganya. Zipeleke mzima mzima mpaka kwenye kifaa, au tumia konekta za thamokapo zenye metali ileile. Pia pale waya zinapotoboa ukuta wa moto usiweke konekta ya plastiki. Tumia kipitishio cha chuma cha pua na soksi ya kuzuia moto, waya zipite bila kukatwa, uzikutanishe na konekta ndani upande wa kabini. Na kwenye stata, alternata na betri ni lagi za pete tu, zile za uma zenye mdomo wazi hapana. Nati ikilegea, pete inabaki kwenye bolti yake; uma unaondoka zake.

Fundi_Nyaya

Marahaba binti yangu. Hilo la raba halisemwi vya kutosha.

Bati, hesabu ya pito. Pini ya kuchongwa ya D-sub ikiwa peke yake inaandikiwa ampea 7.5. Ndani ya ganda lililojaa waya zenye mzigo, majirani wanapashana joto, mimi nahesabu 5 na kushuka. Kwa hiyo kwa hita pini moja haitoshi. Kugawa kwenye pini tatu kunawezekana, lakini watu hukosea namna. Wanaunganisha pini tatu pamoja mgongoni mwa konekta kwa vipande vifupi kabisa, na mkondo haujui haki: unakimbilia pini yenye ukinzani mdogo zaidi, na tofauti kati ya pini na pini ni miliomu chache tu. Dawa ni kumpa kila pini mkia wake wa waya, geji 20, wa sentimita 15 hivi, yote sawa kwa urefu, kisha ndipo ikutane kwenye waya mnene. Geji 20 ina kama miliomu 33 kwa mita, hivyo mkia huo unaongeza miliomu 5 kila njia, inatosha kusawazisha mgawo. Na hesabu iwe kwamba pini moja ikifa zilizobaki zinabeba. Ampea 10 kwa pini mbili ni 5 kila moja. Sawa.

Umeona lakini maelezo yalivyo marefu? Ndiyo maana mimi sigawi. Hita yako ipe DT yake ya njia mbili, ampea 13, na waya wa geji 14, ambao ngozi yake ni nene kiasi cha kukaribia raba ya kawaida, ingawa bado upime kwa kalipa kabla ya kuamini. Geji 14 ina miliomu 8.3 kwa mita. Ukiwa na mita 5 toka fyuzi hadi bombani unapoteza kama volti 0.4 kwenda. Ukiweka geji 18 unapoteza zaidi ya volti moja, na hita hiyo joto lake linashuka kwa mraba wa volti. Barafu haina huruma na mahesabu ya kukadiria.

Taa za LED na strobu ziende D-sub, hazifiki ampea za kutisha. Lakini soma karatasi ya strobu: inavuta kwa vipigo, hivyo tumia namba ya kilele, si ya wastani.

Na kwenye kipako cha pini, dhahabu ikutane na dhahabu, bati nyeupe na bati nyeupe. Usichomeke pini ya dhahabu kwenye jike la bati nyeupe. Mtikisiko unazisuguanisha kwa kiasi kisichoonekana, kutu inajijenga katikati, na waya za ishara ndogo ndizo za kwanza kuanza vituko: kipimo cha mafuta kinacheza, otopailoti inakata kwa dakika kisha inarudi. Hitilafu ya kuja na kuondoka ndiyo itakayokuzeesha.

Kabureta

Mzee nimekubali kushindwa kwenye risasi ya chali. Lakini bado nauliza, mabawa haya yatatoka mara ngapi? Kwa waya tatu nne za taa, kwa nini ganda zima la D-sub? Kuna zile splaisi za kisu. Vipande viwili vinavyofanana, unavipishanisha kama ndoano, unavuta mrija juu yake. Hakuna ganda, hakuna kifuniko, na koleo lake ni lile la lagi za kawaida.

Fundi_Nyaya

Hapo umenena kaka, na hilo nilipaswa nilitangulize kwa bawa lenye waya chache. Splaisi za kisu zimo kwenye ndege nyingi za kiwandani, hasa kwenye mota ndogo na taa za ncha ambazo hufunguliwa kwa nadra. Masharti: ziwe za aina ya PIDG, zenye mrija wa shaba wa ndani unaobana ngozi ya waya pamoja na shaba. Zile za mkebe zenye plastiki tupu hazifai. Nyekundu ni ya waya wembamba, kuanzia geji 22, buluu ni 16 na 14, njano 12 na 10, na koleo liwe la meno yasiyokuachia mpaka libane hadi mwisho. Zipange ngazi kwa ngazi kwenye shada, moja isilale juu ya nyingine, la sivyo shada linavimba na siku mrija ukisogea una shoti. Waraka wa FAA (mamlaka ya anga ya Marekani) AC 43.13-1B, sura ya 11, unasema hivyohivyo kuhusu kuzipanga.

Zinapozidi kama tano naona zinakuwa fujo, na mtu anayezirudisha gizani atakosea rangi. Bawa lake la kulia lina otopailoti, kwa hiyo D-sub. Na ili konekta mbili za bawa moja zisipishane, moja iwe ya matundu 9 na nyingine 15. Usitegemee lebo.

Bati_na_Ribiti

Basi nimeamua: D-sub kila bawa, DT ya njia mbili kwa hita, na dashibodi D-sub. Magnetometa ina D-sub ya matundu 9 juu yake, iko karibu na ncha ya bawa la kushoto. Nitatumia ganda lolote, sivyo? Na negativu ya taa ya kutua nilipanga niifunge kwenye ubavu wa bawa palepale ili niokoe waya.

Dada_Silinda

Simama hapohapo kaka! Maganda mengi ya D-sub ni chuma kilichopakwa bati nyeupe, na zile skrubu ni chuma vilevile. Ukiweka chuma kwenye uso wa magnetometa umeiambia kaskazini iko kwenye konekta. Chukua kifuniko cha plastiki na skrubu za shaba nyeupe au chuma cha pua kisichoshikwa na sumaku. Na usiamini jina, peleka sumaku ndogo kwenye kila kipande ukiwa mezani. Kikivutwa, kisipande bawani. Hata kishikio cha waya na nati zake.

Hiyo negativu nayo hapana, si kwenye bawa hilo. Mkondo wa taa ukirudi kupitia bati unapita unapotaka wenyewe, ukiwemo karibu na magnetometa, na kila mkondo una usumaku wake. Leta negativu kwa waya hadi mwilini, uisokote pamoja na chanya yake toka taani hadi kwenye D-sub, mizunguko miwili mitatu kwa kila sentimita 10, ili usumaku wa kwenda na wa kurudi uuane. Strobu vilevile, na hita ya pito ndiyo zaidi kwa sababu ya ampea zake. Kwa hiyo hesabu upya pini: kila taa sasa inahitaji mbili.

Fundi_Nyaya

Ongeza na nafasi mbili tatu tupu, chukua ganda la 15 hata kama waya zako ni tisa. Ukishafunga, kabla ya kupiga ribiti kifuniko cha ncha, washa skrini, ndege ikiwa imetulia nje mbali na magari na milango ya chuma, kisha washa kimoja kimoja: taa ya kutua, strobu, hita kwa sekunde chache tu. Tazama namba ya uelekeo. Ikisogea zaidi ya digrii moja au mbili kwa swichi fulani, umeshajua waya gani wa kuufuata.